Tambazi Halichomwi Sindano

Redempta wa Chanji alikuwa mpika pombe, na kila aliyekunywa kwake alijua mambo mawili: ulezi wake hauchanganywi na mahindi, na mwenyewe ana titi moja. Hilo la pili alilitangaza kwa mdomo wake, asije mlevi akajidai kuligundua.

"Mnatazama nini?" aliwauliza wanaume waliomkodolea kifua akichuja. "La kushoto lilikatwa, likazikwa nyuma ya hospitali. Anayelitaka akachimbe."

Wanaume waliinamia vikombe vyao. 

Ilikuwa miaka ile ruksa imeingia. Maduka ya Chanji, ambayo watu waliyazoea yakiwa na chumvi na viberiti, sasa yalikuwa na sabuni za kila harufu. Mitumba ilimwagwa chini kama mahindi yaliyopukuchuliwa, na malori ya watu binafsi yalipanda uwanda wa Ufipa kununua mazao mlangoni mwa mkulima. Kila kitu ruksa. Hata hospitalini ruksa: ruksa kuja na uzi wako wa kushonea na glavu zako.

Daktari wa kupasua hakuwa wa pale. Alitoka mbali, akija mara moja mavuno yakiisha na mara nyingine kabla mvua hazijashuka. Akishaondoka, hata ulie damu, unamsubiri.

Kwenye benchi la hospitali hiyo ndiko walikokutana watatu. Redempta alikuja kuonyesha kovu lake. Luciana, jirani yake muuza mitumba, alikuwa amekatwa baada yake na mshono bado ulikuwa unatoa maji. Mwisho wa benchi aliketi mama mmoja wa Kisukuma, mrefu, bangili za shaba mkononi, kibuyu cha samli katikati ya miguu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelishika titi la kushoto taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto asiamke.

"Wewe mama wa ng'ombe," Redempta akamwita, "umeleta samli au umeleta titi?"

"Vyote, mayu," yule akajibu. Wasukuma humwita hivyo mama. "Mimi ni Kabula, mke wa Masunga. Tunakaa nje ya Kate."

"Samli nitainunua mimi. Titi mpelekee mwenyewe anayeyanunua."

Kabula akacheka. Lakini nesi alipotokea na sinia la sindano, kicheko kilikatika. Akachukua kibuyu chake akaondoka. Hakukimbia, alitembea, ila ule ulikuwa mwendo wa mtu aliyekanyaga karibu na nyoka. Wenzake wawili wakamfuata mpaka nje, na huko ndiko alikowaeleza.

Kwao uvimbe mgumu uliojificha ndani ya nyama unaitwa tambazi. Tambazi halichomwi sindano wala haliguswi na chuma. Chuma kikiligusa lingali la moto, linakasirika, linapanda moyoni, na mtu anakwenda. Kwanza lipozwe kwa majani. Likishapoa, ndipo mwenye kisu aje na kisu chake.

"Sisi tumechomwa, tumekatwa," Luciana akasema. "Hapa unaongea na mizimu?"

"Nyie Wafipa ni wachawi. Mnajua kujikinga."

"Na Msukuma akikatwa anatoka maziwa," Redempta akadakia. "Ndiyo maana unaogopa, yatamwagika."

Wakacheka wote watatu hadi nesi akatoka kuwafukuza dirishani. Urafiki wao ulianzia hapo.

Tangu siku hiyo, kila Kabula alipoleta samli mjini, alishinda uani kwa Redempta. Alisaidia kusambaza kimea juani na kukigeuza kwa mkono ule mzima. Luciana alikuja na marobota yake, akakaa juu yake kama malkia, akishona matiti ya kitambaa kwa mitumba iliyokosa mnunuzi. Lake alilijaza sufi. Redempta alikataa sufi. Alisema titi lisilo na uzito ni la kudanganyia watoto, akalijaza ulezi.

"Siku ukinyeshewa litaota," Luciana akamwambia.

"Likiota nitalipikia pombe, na wa kwanza kuonja ni wewe."

"Na langu mtanijazia nini?" Kabula akauliza.

"Samli. Jua likiwaka, mumeo akukaange."

Hivyo ndivyo walivyoishi, kwa masihara. Lakini kila kicheko kilipokwisha, Redempta alisema, "Lete," na Kabula alifungua nguo. Mkono wa Redempta ulikuwa mkono wa mpika pombe: uliujua ulezi uliolowa na ambao bado, uliujua uji ulioiva kwa kuugusa pembeni ya chungu. Mwanzo mkono ule ulikuta kitu kama njugumawe. Baadaye ukakuta kiazi. Kisha ngozi juu yake ikaanza kuvutwa ndani, ikajikunja kama kitovu, kana kwamba kuna mtu kule ndani ameshika uzi na anauvuta pole pole.

"Haliumi," Kabula alisema kila mara.

"Ndiyo ubaya wake. Lingekuwa linauma ungeshakatwa."

"Mama mkwe anasema tusubiri."

"Mama mkwe wako analo yeye?"

Kabula alifunga nguo yake, akarudi kwenye kimea.

Ulipoanza ule upepo wa uwandani, ule unaokata masikio na kuleta vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa, Luciana akaanza kukohoa. Alisema ni vumbi la mitumba. Hakuna aliyembishia, maana mitumba ina vumbi kweli. Lakini Redempta aliona mifupa ya mabega yake inavyojitokeza, aliona anavyoketi akiegemea upande mmoja, na sauti yake ya kuita wateja, iliyokuwa ikisikika mpaka kanisani, ikawa nyembamba kama ya kifaranga. Asubuhi moja Luciana aliingiza mkono kifuani, akalitoa lile titi la kitambaa, akampa Redempta.

"Nishikie. Linanielemea."

"Luciana, hilo ni la sufi."

"Najua. Linanielemea."

Akafa kabla ulezi haujamalizika kuvunwa.

Kwenye mazishi Kabula alikuja na mama mkwe wake, Mboje, bibi kizee mdogo mkavu, macho makali, kiko mdomoni. Mboje alisogea mpaka ukingoni mwa kaburi, akachungulia ndani. Kisha akauliza kwa sauti, kwaya ikiwa imenyamaza, "Na huyu alichomwa chuma?"

Mboje akamshika Kabula mkono, wakaondoka kabla udongo haujarudishwa. Kutoka siku hiyo Kabula hakuja tena Chanji. Samli ikaletwa na mtu mwingine.

Halafu daktari wa kupasua akafika mjini.

Siku Redempta alipoisikia habari hiyo, kimea chake kilikuwa kimeshatoa mizizi chini ya magunia na kilitakiwa kuanikwa kabla ya jioni. Mpika pombe haachi kimea hapo. Hata mumewe Modesti alipofariki, Redempta alianika kwanza, ndipo akaja kulia. Lakini siku hiyo aliyaacha magunia yalivyo. Akafunga kanga yake kiunoni, akadandia lori la dagaa lililokuwa linarudi Kipili ziwani na chumvi.

Alishukia Kate, akatembea. Nyasi zilikuwa zimeshaanza kuchomwa, ardhi nyeusi kila upande, mashina ya miti yakitoa moshi mwembamba usio na moto. Alipofika kwenye boma la Masunga, mbwa walimtazama tu. Walilala wakiwa wameelekeza pua zao kwenye mlango wa nyumba ya Kabula, na hakuna aliyebweka.

Ndani, Kabula alikuwa amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe, ameegemea ukuta. Pembeni Mboje alikuwa akitwanga majani kwenye kinu kidogo. Masunga alichuchumaa mlangoni na fimbo yake, na nyuma yake alisimama mke mdogo, Limbu, na mtoto anayenyonya.

"Shikamoo mama," Redempta akamwamkia Mboje, maana hata mkaidi ana adabu zake.

"Marahaba. Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kumchukua. Daktari yupo, na hakai."

"Kumchukua kama mlivyomchukua yule mwingine?"

Redempta alifungua blauzi yake palepale, Masunga akageuza uso kwenye ukuta haraka. "Tazama. Chuma kiliingia hapa kikatokea huku. Nimekufa?"

Mboje aliweka mchi chini. Akaja karibu, akalibonyeza lile kovu kwa vidole vilivyojaa ukijani wa majani, akalifuata mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayekagua mbuzi kabla ya kumnunua.

"Hili lilipoa," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayemtambua fundi mwenzake. "Ngozi imetulia. La mwenzio lilikatwa la moto, likamkimbilia kifuani. Wewe nani alikupoza?"

Redempta aliona mlango umefunguka. Akisema hakuna aliyempoza, utafungwa, na nyuma yake atabaki Kabula. Alikuwa mwanamke aliyezoea kushinda. Alimshinda bwana afya aliyetaka kumwaga pombe yake, alimshinda shemeji aliyetaka shamba la Modesti, alimshinda hata padri mara moja. Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Shangazi yangu. Wa hapahapa Kate. Alinipoza kwa majani."

"Majani gani?"

"Alikufa nayo."

Mboje akamgeukia mwanawe, uso umemng'aa. "Umesikia, Masunga? Hata Wafipa wanajua. Watu wanasema sisi tunakataa hospitali. Hatukatai! Tutampoza kwanza. Daktari akirudi kabla ya mvua, akute limepoa, nitamsindikiza mimi mwenyewe."

"Kabla ya mvua!" Redempta akaruka. "Huyu hapa leo, mama."

"Kwani wewe ulikatwa likiwa la moto?"

Kamba aliyoitupa Redempta ili amvutie Kabula ilikuwa imemzunguka miguu yeye.

"Ni kiangazi tu, mayu," Kabula akasema kutoka kwenye ngozi, na kuna kitu alichokuwa amekishika nyuma ya mgongo wake, akakiachia. "Kama wewe ulisubiri, na mimi nitasubiri."

"Kabla ya mvua nitampeleka," Masunga akasema. "Neno la mwanaume."

Wakampa Redempta maziwa, akanywa. Aliporudi Chanji kimea kilikuwa kimevunda, kinanuka ua mzima. Alikizoa akakitupa, halafu akawaambia wanywaji jinsi alivyowatia Wasukuma wale kwenye njia ya hospitali, bibi kizee na yote. Wakampigia makofi. Akasuuza vikombe siku hiyo bila kuimba.

Kiangazi kikawa kirefu. Moto ulitembea mabondeni, majivu yakaanguka kwenye nguo zilizoanikwa, jua likawa linachomoza jekundu na kuzama jekundu. Baltazari, dereva wa lile lori la dagaa, ndiye aliyeleta salamu.

"Kabula anakusalimu. Anasema linapoa. Limeanza kulainika."

Redempta alikuwa anakoroga. Mwiko ukasimama. "Limelainika?"

"Ndivyo alivyosema. Wanafurahi sana kule."

Kitu kigumu hulainika kwa kupikwa. Kikilainika bila moto, kinaoza. Hilo halihitaji shule, na Redempta alilijua tangu alipokuwa binti wa kutumwa kuchota maji. Akamwambia Baltazari awaambie wamlete haraka, daktari awepo asiwepo. Jibu lililorudi lilikuwa lilelile: kabla ya mvua, neno la mwanaume. Angeweza kupanda lori tena, akaingia kwenye nyumba ile akasema alichotakiwa kusema. Alipanga kwenda. Kila alipopanga, alikuta kuna pombe ya kuchuja.

Masunga alitimiza neno lake. Wingu la kwanza lilipojikusanya upande wa ziwani, daktari alikuwa amefika, na Masunga akamshusha Kabula kwenye lori mbele ya nyumba ya Redempta, amemkumbatia kama gunia la manyoya. Mboje hakuja, miguu ilikuwa imemkataa. Kabula alikuwa amepakwa samli mwili mzima, na chini ya harufu ya samli kulikuwa na harufu nyingine. Bangili zake zilikuwa zimefungwa kwa kitambaa zisidondoke.

"Nimekonda," akasema akitabasamu. "Sasa hata wewe ungenishinda mieleka."

"Nilikuwa nakushinda tangu zamani. Twende."

Daktari alifungua kitambaa kilichofunika titi. Akagusa kwapani, akagusa shingoni, akaweka sikio la mpira mgongoni akasikiliza muda mrefu. Kisha akamfunika Kabula, vizuri, mpaka mabegani, kama unavyomfunika mtoto. Nesi akamchoma sindano ya kutuliza maumivu, na Kabula hakukwepa, alitazama pembeni tu. Daktari akamwita Redempta mlangoni.

"Mama, hapa kisu hakina kazi tena. Limeshakwenda mbali. Nitampa dawa asiumie. Mrudisheni kwake."

Redempta alirudi kwenye benchi. Masunga alikuwa ameenda kutafuta gari.

"Amesema lini?" Kabula akauliza.

"Hakati."

Kabula aliwatazama watu wanaopita na ndoo na vikapu. Hakulia. Alipoongea aliongea kama mtu anayetafuta kosa kwenye mshono.

"Majani ya shangazi yako yalikuwaje, mayu? Labda yetu siyo yale. Labda yake yalikuwa na maua. Mama Mboje aliyatafuta mpaka kwenye miamba, akaumia miguu."

Redempta angeweza kusema yalikuwa na maua. Kabula angeamini, angekufa akiyaamini.

"Hakukuwa na majani. Wala shangazi. Nilikatwa vilevile, la moto."

Bangili zikalia kidogo ndani ya kitambaa.

"Ulinidanganya."

"Nilitaka wakuachie."

"Siku ile ulipokuja," Kabula akasema, "nilikuwa nimeshafunga mzigo wa nguo zangu. Niliushika nyuma ya mgongo. Nilisema moyoni, ukisimama kuondoka, nasimama nawe, waniue kama wanataka. Uliposema shangazi, nikauachia."

Redempta akauweka mkono wake kwenye benchi, karibu na wa Kabula, usiguse. Wakakaa hivyo. Baadaye Kabula ndiye aliyeusogeza wake.

"Limbu naye analo," akasema. "Alinionyesha. Anadhani ni maziwa yamekwama, lakini mimi nimeshika, mayu, nalijua. Mama Mboje ameanza kumpoza. Anasema la kwangu limelainika, basi majani yanafaa."

"Mungu wangu."

"Nenda ukawaambie. Kwa mdomo uleule."

Wakapanda gari wote watatu. Kabula alilala miguuni mwa Redempta, kichwa chake kwenye mapaja yake. Radi ilikuwa inapasuka mbali na hakuna tone lililoanguka. Walipoingia bomani, mchi ulikuwa unasikika kabla hata injini haijazimwa. Limbu alikuwa amekaa kivulini, mtoto kwenye titi moja. La pili lilikuwa limefunikwa majani mabichi, maji ya kijani yakimtiririka tumboni.

Redempta hakuamkia. Alijua akianza na salamu, salamu zitamla.

"Mama Mboje, nilisema uongo hapa ndani. Hakuna aliyenipoza. Sina shangazi Kate. Nilichomwa, nikakatwa la moto kama la huyu, na niko hai. Majani yamemuua Kabula, na mimi ndiye niliyewapa ruhusa."

Mboje hakumtazama. Alimtazama Kabula akishushwa na mumewe, akaona kipande cha pamba kilichobandikwa kwenye mkono wake.

"Mmemchoma sindano?"

"Ya maumivu tu, mama," Masunga akasema.

"Basi," Mboje akasema polepole, kama mtu aliyejibiwa swali lake lote. "Alikwenda akiongea. Tazameni anavyorudi." Akainama, akashika mchi wake.

"Mama, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Ulidanganya siku ile au unadanganya leo. Mimi nitajuaje?"

Akaanza kutwanga. Limbu alikuwa amesimama na mtoto wake, anamtazama mama mkwe, anamtazama mgeni, anamtazama Kabula, ambaye alikuwa amelazwa kwenye ngozi na kufumbua macho kwa shida, akimtazama yeye tu.

Redempta akakaa chini kizingitini, mlangoni kabisa, akanyoosha miguu yake mpaka ng'ambo ya pili, kiasi kwamba hakuna ambaye angepita bila kumruka.

"Limbu, mwanangu," akasema, "pangusa hayo majani, ufunge nguo zako. Gari bado lipo."

Mchi ukaendelea.